Mlio wa injini unavyofichua mwendo wa ndege ndogo

*Ikiwa chini, injini husema jambo moja. Ikiwa angani hufanya jingine. Warushaji wa ndege za mfano wana vipimo vingi vya kuchagua, na kila kimoja kina watetezi wake na kasoro zake.*

Rubani wa ndege hii hapandi ndani yake. Amesimama katikati ya uwanja wa duara, mkono ameuegemeza kwenye uma wa chuma ulio juu ya nguzo, na kwenye mpini alioushika zimefungwa nyaya mbili nyembamba. Mwisho wa nyaya hizo, mita 17.69 kutoka kwenye mhimili, ipo ndege ndogo yenye injini ya cc 2.5.

Fundi anaiachia. Kwanza injini inakoroma kizito na ndege inazunguka bila haraka. Ghafla sauti inakuwa kali, nyaya zinakaza, na rubani anaanza kuizunguka nguzo kwa hatua za mbiombio. Sasa kila duru inachukua sekunde moja na theluthi. Zikitimia duru tisa, kilomita moja imekwisha, na saa za waamuzi zinasoma takribani sekunde 12.

Hilo ni shindano la daraja la F2A, moja ya madaraja ya ndege za mfano yanayosimamiwa na FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga lililoundwa mwaka 1905. Mabingwa wake hufikia mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa kwa injini ambayo ujazo wake ni sehemu ya hamsini ya ule wa bodaboda ya cc 125. Katika mwendo huo, ndege huvutwa kwenda nje ya duara kwa nguvu ya takribani mara 40 ya uzito wake.

Waamuzi wameshapata walichotaka, yaani muda. Fundi bado. Yeye anataka kujua injini ilikuwa ikizunguka mara ngapi kwa dakika wakati sauti ile ilipokuwa kali, na saa haiwezi kumwambia. Hilo si jambo la udadisi tu. Bomba la moshi la injini hizi hukatwa kwa urefu uliokokotolewa, ili wimbi la shinikizo lirudi kwenye silinda kwa wakati muafaka na kuisukuma ndani hewa iliyochanganyika na mafuta ambayo ingetoroka. Urefu mmoja hufaa kasi moja ya injini. Asiyejua injini yake inazunguka vipi angani hukata bomba kwa kubahatisha.

Kipimo cha chini hakitoshi

Ndege ikiwa bado imeshikiliwa chini, kazi ni rahisi. Kuna tachometa ya mwanga, kifaa kidogo cha mkononi kinachohesabu mapanga ya pangaboi yanavyokatiza mwanga mbele ya jicho lake. Mtumiaji huchagua kama pangaboi lina mapanga mawili au matatu, kisha namba hutokea. Hata usahihi wake unaweza kuhakikiwa kwa taa ya tyubu ya aina ya zamani: kwenye umeme wa hezi 50 taa hiyo humetameta mara 100 kwa sekunde, hivyo tachometa iliyowekwa kwenye mapanga mawili inapaswa kusoma 3,000.

Shida ni kwamba ndege ikishapaa, namba hiyo haifai tena.

Pangaboi linalozunguka mahali pamoja huikata hewa kwa pembe kubwa, na injini hulemewa. Ndege ikienda, hewa huja kwa mbele, pembe hiyo hupungua na mzigo hupungua nao. Injini iliyosoma mizunguko 13,000 chini inaweza kupita 14,000 angani bila mrushaji kugusa chochote kwenye rimoti.

Ongezeko hilo lina gharama. Injini nyingi za aina hii hutumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha. Mafuta ya mashindano ya F2A ni methanoli asilimia 80 na mafuta ya mbarika asilimia 20. Mizunguko inapopanda, mafuta huwa pungufu kulinganisha na hewa. Mafuta pungufu maana yake ni joto, na pia ulainishaji hafifu, kwa kuwa kilainishi kimo humohumo kwenye mafuta. Ndiyo maana mrushaji mzoefu akiwa chini huiachia injini yake mafuta ya ziada kidogo, hata kama inatoa moshi na sauti yake haijakaa sawa.

Pangaboi nalo lina kikomo. Kampuni ya APC ya Marekani huwapa wateja kanuni fupi kwa mapangaboi yake ya injini za mafuta: gawanya 190,000 kwa kipenyo cha pangaboi kwa inchi. Pangaboi la inchi 10, kwa hesabu hiyo, halipaswi kupita mizunguko 19,000 kwa dakika. Kikomo hicho hakijali kama ndege iko chini au juu, na panga likikatika katika kasi hiyo huruka kwa nguvu ya kumjeruhi mtu vibaya.

> Injini iliyosoma mizunguko 13,000 chini inaweza kupita 14,000 angani bila mrushaji kugusa chochote kwenye rimoti.

Kambi ya saa

Kipimo cha zamani kuliko vyote ni umbali na muda. Katika F2A kinafanya kazi vizuri kwa sababu nyaya hazirefuki na duara halibadiliki. Uma ule wa chuma una kazi yake pia. Bila huo, rubani angeweza kutangulia kwa mkono wake na kuivuta ndege, akaiongezea mwendo usiotokana na injini.

Hata hivyo, katika mbio za sekunde 12, kukosea sehemu moja ya kumi ya sekunde ni kukosea karibu kilomita 2.5 kwa saa. Kiasi hicho kinaweza kumtenganisha mshindi na wa pili.

Kwa ndege za rimoti zisizofungwa nyaya, hali ni mbaya zaidi. Chukua ndege inayokwenda kilomita 150 kwa saa kati ya vijiti viwili vilivyo mita 100 mbalimbali. Itapita kwa sekunde 2.4. Kidole kikichelewa au kikiwahi kwa jumla ya sehemu mbili za kumi ya sekunde, jibu linakosewa kwa asilimia 8. Na hapo hujahesabu kwamba anayetazama kutoka pembeni hawezi kujua kwa hakika ndege imevuka kijiti saa ngapi.

Kambi ya tochi

Dereva yeyote wa Tanzania aliyewahi kupigwa tochi na trafiki anakijua kifaa cha kambi ya pili. Tochi ya rada hurusha mawimbi ya redio, hupokea yale yaliyogonga chombo na kurudi, kisha hulinganisha mitetemo yake. Tofauti ya mitetemo ndiyo mwendo.

Kifaa hicho ndicho kilichopima rekodi inayowashangaza hata wahandisi. Tarehe 19 Januari 2021, juu ya mlima Parker, California, Spencer Lisenby alirusha nyiringi ya rimoti isiyo na injini yoyote, yenye mabawa ya urefu wa takribani mita 3.3, na tochi ikasoma maili 548 kwa saa, yaani kilomita 882. Nguvu yote ilitoka kwenye upepo. Nyuma ya kilele cha mlima hewa hutulia, juu yake upepo huvuma, na ndege inayozunguka kati ya tabaka hizo mbili huvuna mwendo kila inapovuka mpaka.

Wanaoipinga tochi wana hoja tatu. Ya kwanza ni pembe. Tochi huona tu ule mwendo wa kuja moja kwa moja au kuondoka moja kwa moja. Ndege ya kilomita 200 kwa saa ikipimwa kwa pembe ya nyuzi 30 itasomeka kilomita 173. Watetezi hujibu kwamba kosa hilo daima hupunguza, haliongezi, kwa hiyo hakuna anayejipatia rekodi kwa pembe mbaya.

Hoja ya pili inahusu maumbile ya ndege zenyewe. Mti wa balsa na karatasi ya plastiki hurudisha mawimbi kidogo sana, na ndege yenye pangaboi inaweza kuidanganya tochi isome mwendo wa mapanga badala ya mwendo wa ndege.

Ya tatu ndiyo inayomrudisha fundi wetu alikoanzia: tochi haijui lolote kuhusu mizunguko ya injini.

Kambi ya vifaa vya ndani

Vijana wengi wa sasa huona mjadala huo umepitwa na wakati. Wao huweka kifaa ndani ya ndege. Kipokezi cha GPS kina uzito wa gramu chache na hurekodi mwendo wa safari nzima. Sensa ya sumaku huhesabu mizunguko ya injini na kuituma kwenye rimoti. Kwenye ndege za umeme, kidhibiti cha mota kinaijua mizunguko tayari, kwa sababu ndicho kinachoigeuza mota hatua kwa hatua. Sharti ni mwenye ndege aweke idadi sahihi ya ncha za sumaku za mota yake. Mota yenye ncha 14 ikiandikishwa kuwa na 12, namba zote zitakuwa za uongo.

GPS ina udhaifu wake. Kifaa kinachosoma mara moja kwa sekunde, kikifungwa kwenye ndege ya kilomita 300 kwa saa, kitairuhusu isafiri mita 83 kabla ya kusoma tena. Duara la F2A lina mzingo wa mita 111. Kipokezi kinachosoma mara 10 kwa sekunde hupunguza pengo hilo hadi mita nane, lakini ndege inayokata kona kwa nguvu huweza kukipotezea mawimbi ya setilaiti.

Kisha kuna upepo. GPS hupima mwendo juu ya ardhi. Ndege inayopasua hewa kwa kilomita 120 kwa saa itasomeka 150 ikisukumwa na upepo wa kilomita 30, na 90 ikigeuka kuukabili. Anayetaka mwendo wa hewani hufunga mrija wa Pitot, uvumbuzi wa Mfaransa Henri Pitot wa mwaka 1732, uleule unaotumika kwenye ndege za abiria. Mrija huo hupima shinikizo la hewa inayoingia mbele na kulilinganisha na la hewa iliyotulia.

Vyote hivyo vinahitaji nafasi, betri na fedha. Kwenye ndege ya mashindano yenye injini ya cc 2.5 hakuna nafasi ya kubeba kisichohitajika.

Kambi ya sikio

Inabaki kambi ya nne, na hii haibebeshi ndege chochote. Kifaa chake ni maikrofoni, ambayo siku hizi imo kwenye kila simu.

Mwaka 1842, huko Praha, mwanafizikia wa Austria Christian Doppler alieleza kwamba mitetemo ya wimbi hubadilika kulingana na mwendo wa chanzo chake. Alikuwa akizungumzia rangi za nyota. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot aliamua kulijaribu wazo hilo kwa sauti. Aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye behewa la wazi katika reli ya Utrecht, akawaweka wanamuziki wengine kando ya njia, na kuwataka waseme walisikia noti gani treni ilipokuja na ilipoondoka. Jaribio la Februari 1845 liliharibiwa na hali ya hewa. La Juni lilifaulu. Noti ilipanda treni ilipokaribia na kushuka ilipokwisha kupita.

Aliyesimama kando ya barabara kuu basi likampita likipiga honi ameshasikia jambo hilohilo. Tochi ya trafiki hulitegemea, na vipokezi vya GPS pia hulitumia kukokotoa mwendo. Tofauti ya kambi ya sikio ni kwamba chanzo cha wimbi ni injini yenyewe, kwa hiyo wimbi moja hubeba habari mbili.

Mfano unaonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Ndege yenye injini ya silinda moja ya mipigo miwili inapita mbele ya simu. Programu ya kuchambua sauti, kwa mfano Audacity ambayo ni ya bure, inaonyesha mitetemo 275 kwa sekunde ndege ikija, na 215 ikienda zake.

Toa namba ndogo kwenye kubwa: 60. Zijumlishe: 490. Gawanya 60 kwa 490, kisha zidisha kwa mwendo wa sauti, mita 340 kwa sekunde. Jibu ni karibu mita 42 kwa sekunde, au kilomita 150 kwa saa.

Sasa zidisha 275 kwa 215, zidisha tena kwa mbili, ugawanye kwa 490. Unapata mitetemo 241 na ushei, ule mlio halisi ambao injini ingesikika nao kama ingekuwa imetulia. Injini ya mipigo miwili huwaka mara moja kila mzunguko, hivyo kwa dakika ni takribani mizunguko 14,480. Kama pangaboi lake lina hatua ya inchi 8, basi lingeisogeza ndege kilomita 176 kwa saa iwapo hewa isingeteleza hata kidogo. Mrushaji ameshajua pangaboi lake linapoteza kiasi gani.

> Kwa wenye sikio la kwaya
> Mlio ukishuka kutoka *mi* hadi *do* wakati ndege inapita, mwendo ni takribani kilomita 136 kwa saa.
> Kutoka *fa* hadi *do*: kilomita 175.
> Kutoka *so* hadi *do*: kilomita 245.
> Kutoka *la* hadi *do*: kilomita 306.
> Kutoka *do* ya juu hadi *do* ya chini: kilomita 408.

Mwanakwaya hahitaji hata programu. Kila kishuko cha noti kina mwendo wake, haidhuru injini ni kubwa au ndogo, kwa sababu kinachohesabiwa ni uwiano wa milio miwili. Ndege ya F2A, kwa aliyesimama nje ya uwanja, hushuka karibu *la* hadi *do* kila inapompita.

Rubani aliye katikati ya duara hasikii kishuko hicho. Kwake ndege haiji wala haiendi. Iko umbali uleule muda wote. Maikrofoni iliyowekwa hapo hunasa mlio halisi wa injini, na mizunguko hupatikana bila hesabu ya ziada. Injini za daraja hili hufikia takribani mizunguko 40,000 kwa dakika, sawa na mitetemo 667 kwa sekunde. Na kwa kuwa mapangaboi yake yana panga moja tu, upande wa pili ukiwekewa uzito wa kusawazisha, mpigo wa panga na mpigo wa injini huangukia noti ileile.

Mitego ya sikio

Kwenye ndege za kawaida noti ya pangaboi na ya injini hazifanani, na hapo ndipo wageni hunaswa. Pangaboi la mapanga mawili hupiga hewa mara mbili kila mzunguko, na mara nyingi sauti yake huizidi ya injini. Anayedhani amesikia injini atapata mizunguko 28,960 badala ya 14,480. Injini ya mipigo minne hukosesha kwa upande wa pili: huwaka mara moja tu katika mizunguko miwili. Dawa ni kuanza na kipimo cha tachometa chini, kisha kutafuta jibu lililo juu yake kidogo.

Joto nalo lina neno. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 15 za Selsiasi. Mchana wa Dar es Salaam, penye nyuzi 30, hukaribia mita 350. Ndege ile ya kilomita 150 kwa saa itakuwa kwa kweli inakwenda 154. Hesabu ya mizunguko haiguswi na kosa hilo, kwa kuwa mwendo wa sauti haumo ndani yake. Hiyo ni sababu moja ya mafundi wa injini kuipenda njia hii hata pale wanapoutilia shaka upande wake wa mwendo.

Pembe inayoisumbua tochi inaisumbua maikrofoni pia. Ndege inayopita mita 10 kutoka kwenye simu isomwe ikiwa mita 100 mbali, ambako kosa ni nusu ya asilimia. Ikisomwa ikiwa mita 10 kabla ya kupita, karibu theluthi ya mwendo wake haitaonekana.

Kinachobishaniwa

Ubishi huu una uzito nje ya viwanja vya michezo. Marekani, chama cha Academy of Model Aeronautics kimeweka kikomo cha maili 200 kwa saa, sawa na kilomita 322, kwa ndege za mfano zenye injini za jeti. Droni za kibiashara nchini humo, chini ya kanuni za mamlaka ya anga, hazipaswi kupita maili 100 kwa saa juu ya ardhi. Kikomo kisichopimika hakimzuii mtu, na kipimo cha mwendo wa hewani hakiwezi kutumika kuthibitisha kikomo cha mwendo wa ardhini siku ya upepo.

Rekodi nazo hutegemea njia iliyotumika. Septemba 2017, katika uwanja wa Ballenstedt, Ujerumani, jeti ya mfano ya Niels Herbrich ilifikia kilomita 749 kwa saa na kuingia kwenye kitabu cha Guinness. Jeti hizo ndogo hubeba kompyuta inayosoma mizunguko ya turbini yake, ambayo hupita 100,000 kwa dakika. Nyiringi ya Lisenby iliipita kwa zaidi ya kilomita 130, lakini haina injini wala mlio wa noti moja wa kunaswa na maikrofoni. Kwake tochi ndiyo shahidi mkuu.

Kwa mwenye ndege ya kawaida ya injini, ushauri wa kambi zote hukutana mahali pamoja: pita mara mbili, mara moja kwa kila upande. Simu iwekwe kwenye nyasi, mbali na watu na mbali na ukuta unaorudisha mwangwi. Ndege ipite moja kwa moja, kimo kisibadilike, injini ikiwa wazi kabisa tangu mbali. Majibu mawili ya mwendo yakitofautiana kwa kilomita 40, upepo ulikuwa karibu kilomita 20 kwa saa, na wastani wake ndio mwendo wa ndege katika hewa iliyotulia.